Kupiga picha Mji wa Kale wa Lamu: nyumba, watu na baraza zao

Simama mbele ya mlango wowote wa kale kule mtaa wa Mkomani, mlango ukiwa wazi, kisha tazama ndani. Hutaona kitu. Utaona daka, kile kibaraza cha kuingilia chenye viti vya mawe vinavyotazamana, na baada yake ukuta. Njia ya kuingia imepindishwa makusudi, ili anayepita asimwone aliye uani. Nyumba ya Kiamu, yaani ya Lamu, ilijengwa kwa hesabu ya jicho la mpita njia: lifike hapa, lisivuke pale.

Naanza na mlango kwa sababu vijana wengi wanaonijia kuuliza waanzie wapi huja na mazoea ya katikati ya Nairobi: simama ng'ambo ya barabara, toa lenzi ndefu, piga watu kabla hawajakuona. Hapa hakuna ng'ambo ya barabara. Vichochoro vingine upana wake ni punda mmoja na shehena yake, na mkikutana naye wewe ndiye utakayejibana ukutani. Mtu unayetaka kumpiga picha yuko hatua mbili kutoka kwako na amekwisha kukuona. Kwa hiyo mwongozo huu, hata unapozungumzia mawe na chokaa, unazungumzia adabu ya kutazama.

Hatua ya 1: Siku ya kwanza kamera ibaki chumbani

Sisemi hivi kwa mapambo. Tembea mikono mitupu uujue mji, nao ukujue.

Anzia Mkunguni, kiwanja kilicho mbele ya Ngome. Ngome yenyewe ilijengwa kati ya 1813 na 1821, ikaja kuwa gereza hadi 1984, na sasa iko chini ya Makumbusho ya Taifa. Kando yake ni soko, na hatua chache tu kuna Msikiti wa Pwani, ambao maandishi yake yana tarehe inayolingana na 1370. Mbele ya Ngome inapita njia kuu, Usita wa Mui, inayokwenda kaskazini na kusini sambamba na bahari. Ukishika kaskazini unaingia Mkomani, kwenye nyumba za ghorofa za mawe na kuta ndefu zisizo na madirisha ya kueleza. Ukishika kusini unaingia Langoni: maduka, mafundi, kelele, na Msikiti wa Riyadha uliojengwa na Habib Swaleh. Vichochoro vingi vinakatiza Usita vikiteremka hadi pwani. Ukipotea, fuata mteremko wa maji ya mvua, utatokea baharini.

Siku hiyo salimia kila baraza unayoipita, yaani watu walioketi pamoja nje wakizungumza. Kesho utakapokuja na kamera utakuwa si mgeni tena, utakuwa "yule wa jana".

Hatua ya 2: Ujue saa za mwanga

Mji umeelekea mashariki, unatazamana na kisiwa cha Manda. Jambo hilo moja linaamua mengi. Jua linachomoza nyuma ya Manda na kuupiga uso wa mji moja kwa moja, kwa hiyo nyumba za ufukweni, veranda zake na mashua zilizofungwa gatini, wakati wake ni saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili na nusu asubuhi. Jioni upande huo wote uko kivulini. Wageni wengi hujipanga ukutani pale wakingoja machweo, nalo jua linatua nyuma ya mgongo wao, upande wa mashamba. Ukitaka machweo, panda mashua saa kumi na moja, nenda katikati ya mkondo, kisha geuka uutazame mji: utapata safu ya mapaa na minara ikiwa nyeusi mbele ya anga nyekundu, na matanga yanayorudi yakiwa bado yana rangi.

Vichochoroni saa ni nyingine. Kuanzia saa tatu jua linashika sehemu ya juu ya ukuta mmoja tu. Chokaa ile nyeupe inaurudisha mwanga kwenye ukuta wa pili na chini njiani, mpole, usio na kivuli kikali. Mwanga kama huo watu wa studio wanaununua kwa pesa nyingi, na hapa mababu walikwisha kuulipia. Saa tatu hadi saa nne na nusu, kisha tena saa tisa hadi saa kumi na moja, ndizo saa za kupiga sura za watu.

Na saa sita mchana? Kila kitabu cha upigaji picha kitakwambia ulale. Lala ukipenda, lakini saa sita ndiyo saa ya nakshi. Lamu iko kama digrii mbili tu kusini mwa Ikweta, na mwezi wa tatu na wa tisa jua linakuwa karibu kabisa utosini. Mwanga unaoshuka wima unaukwaruza uso wa ukuta, na kila jani lililochongwa kwenye chokaa au kwenye fremu ya mlango linatoa kivuli chake. Asubuhi mlango huohuo utaonekana bapa kama bango.

Usisahau maji. Siku za bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hujaa alfajiri na alasiri, kisha hupwa saa nne au saa tano. Maji yakijaa, majahazi yanasimama karibu na ukuta na unayapiga macho kwa macho. Yakipwa, yanalala ubavu kwenye tope na mabaharia wanashuka kuyakwangua. Ni picha mbili tofauti. Muulize nahodha yeyote, atakupa saa bila kutazama simu.

Hatua ya 3: Vifaa, kwa ufupi

Lenzi moja ya milimita 28 au 35 inatosha. Simu nzuri nayo inatosha. Flashi iache nyumbani. Stendi ya miguu mitatu itakusaidia ndani ya nyumba tu. Ukiisimamisha Usita wa Mui punda watakufundisha.

Adui wa kweli ni chumvi na unyevu. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, lenzi inapata ukungu papo hapo na ukiifuta unaipaka chumvi. Itoe kamera nusu saa kabla, iwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, ukungu ufanyikie nje ya mfuko. Jioni ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi ya kunywa, kisha kikavu. Wakati wa kaskazi, ufukweni, usibadilishe lenzi ukiwa umekabili upepo.

Hatua ya 4: Nyumba

Kosa la kwanza ni kutaka nyumba nzima ndani ya fremu. Kichochoro hakina nafasi ya kurudi nyuma, kwa hiyo mtu anainua simu juu, na kuta zote mbili zinaanguka kwa ndani kama zimelewa. Ishike kamera wima na sawa, mstari wa ukuta uende sambamba na ukingo wa fremu, na ukubali kupoteza paa. Isitoshe, nyumba ya Kiamu haikuuweka uzuri wake nje. Nje ina mlango na daka. Hayo ndiyo maneno pekee inayomwambia mgeni. Basi yapige hayo vizuri.

Mlango wa kale una mbao mbili na kati yake mfaa, ule mti uliosimama wima, mara nyingi umechongwa kuliko sehemu nyingine yoyote. Juu, kwenye kizingiti, tafuta maandishi au tarehe ya Hijria. Piga mlango mzima ukiwa umesimama katikati yake kabisa, usimame mita tatu hivi njia ikiruhusu, lenzi iwe kimo cha kufuli. Kisha sogea upige vipande: mnyororo, misumari, mahali mbao ilipong'arishwa na mikono ya miaka. Ukimkuta mtu amekaa daka, mlango si wako tena mpaka mzungumze.

Ndani, pa kujifunzia ni Makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili, nyumba ya karne ya 18 iliyokarabatiwa huko Mkomani. Lipa kiingilio, muulize mhudumu kuhusu kupiga picha, kisha fuata mwanga jinsi unavyopungua: kiwanda (ua wa ndani ya nyumba) kiko wazi kwa jua, baada yake misana miwili (vyumba virefu vinavyofuatana) yenye nusu kivuli, kisha ndani, ambako zidaka (vishubaka vya plasta) zimepangwa ukutani safu juu ya safu. Vyumba ni virefu na vyembamba, upana karibu mita mbili na nusu hadi tatu, kwa sababu dari inabebwa na boriti za mikoko na mkoko hauwi mrefu zaidi ya uwezo wake. Mti ndio uliochora ramani ya nyumba. Ukilijua hilo utaacha kulaumu lenzi yako: simama kwenye kichwa cha chumba, upige kwa urefu wake, na boriti za dari zitakuchukua jicho zenyewe hadi mwisho.

Zidaka usizipige na taa iliyowashwa usoni pake. Fungua mlango wa upande wa kiwanda, zima taa, weka kamera kwenye stendi au juu ya kiti, na uache shata wazi nusu sekunde au zaidi. Kwa simu, gusa sehemu nyeupe kabisa ya plasta kwenye skrini kisha teremsha mwanga kidogo. Afadhali kona iwe nyeusi kuliko plasta iungue ibaki karatasi tupu.

Mapaa yana kisa chake. Mwaka wa kwanza nilipopata kamera yangu mwenyewe nilipanda juu ya nyumba moja ya wageni wakati wa magharibi, nikapiga mapaa ya makuti yalivyoshikana hadi baharini. Picha ilikuwa nzuri, na nikaituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa nikingoja kusifiwa. Kabla ya Isha mzee mmoja wa mtaani alikuwa daka kwetu. Hakupaza sauti. Aliivuta picha kwa vidole viwili mpaka kona ya kushoto, ambako jirani alikuwa juu ya paa lake akikausha nywele, kichwa wazi. Akaniuliza: "Kijana, jicho lako limefika wapi?"

Niliifuta mbele yake, nikaenda kwa jirani na mamangu kuomba radhi. Mji huu ulifika hadi kujenga wikio, vile vyumba vinavyovuka juu ya njia kutoka nyumba hadi nyumba, ambamo wanawake walipita kwenda kwa jamaa bila kushuka mtaani. Halafu mimi nikaja na lenzi. Sasa nikipanda juu naelekeza kamera baharini au angani, na nikirudi nakagua kona zote nne kabla picha haijatoka kwenye mashine.

Hatua ya 5: Watu

Anza na "Assalamu alaikum" kwa baraza nzima, si kwa yule mmoja mwenye ndevu nzuri. Kwa mzee ongeza shikamoo. Ukikaribishwa ukae, kaa. Kahawa ikipita, kunywa. Yule muuza kahawa mwenye dele (birika lake) na vikombe vidogo ni rafiki mkubwa wa mpiga picha, kwa sababu hakuna baraza asiyoijua. (Yeye naye mpige akimimina, ukiwa umesimama upande wa kivulini, jua liwe nyuma ya mvuke. Mvuke hauonekani ukimulikwa kwa mbele.)

Ombi liwe wazi na fupi: "Ami, naomba nikupige picha hapohapo ulipoketi, kama hutaona vibaya." Jifunze pia kusikia majibu. "Piga tu" ni ruhusa. "Leo sijavaa" maana yake rudi Ijumaa, atakuwa na kanzu mpya na kofia ya vito, nawe usikose kurudi. "Inshallah kesho" ikisemwa huku macho yakitazama kwingine ni hapana ya watu waungwana. Usimlazimishe akuambie hapana kavu.

Kanzu nyeupe huidanganya kamera: inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso wa mwenye kanzu unakuwa kivuli. Ongeza mwanga kwa nusu hadi alama moja nzima kwenye kipimo cha +/- cha kamera. Buibui jeusi hufanya kinyume chake, kamera inaongeza mwanga na uso unafifia. Punguza kiasi hichohicho. Kwa simu, gusa uso wenyewe, usiguse nguo. Mtu aliyeketi mpige kwa kasi ya shata ya 1/125 ya sekunde, anayetembea kwa 1/250, na vichochoroni usiogope kupandisha ISO, wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 800. Chembechembe zinasameheka kuliko uso uliotikisika.

Wanawake. Hapa watu wa nje huuliza, "Je, nikimpiga kwa nyuma?" Lamu mtu hujulikana kwa mwendo wake. Mgongo wa buibui unaouona hauna jina kwako. Kwa mwenyeji una jina, mume na nyumba. Omba kama unavyomwomba mwanamume, na ikiwezekana aombe mwanamke mwenzake. Wapo watakaokubali na kukupangia wenyewe namna ya kusimama, na wapo watakaokupa mikono yenye hina tu. Mikono hiyo ikiwa juu ya leso, kwenye mwanga wa daka, haina upungufu wowote.

Watoto watakukimbilia wenyewe wakisema piga, piga. Ruhusa yao haitoshi. Mtafute mzazi, na ukimkosa weka kamera chini mcheze.

Kuhusu pesa nina msimamo ambao wenzangu hawaupendi: usimrushie mtu shilingi mia kwa ajili ya sura yake, na mtoto usimpe kabisa. Nunua mahamri yake, panda mashua yake, mletee picha iliyosafishwa. Lakini nahodha aliyejipamba ufukweni kwa ajili ya kamera za watalii yuko kazini. Patana naye bei kabla, usije ukabishana baada.

Mtu akiwa kazini

Kama una asubuhi moja tu, itumie kwa fundi wa milango huko Langoni. Karakana huwa wazi upande wa njia, mwanga unaingia kutoka upande mmoja, na vumbi la mbambakofi au mvule linaning'inia hewani. Niliyekaa naye mwezi uliopita hakuniangalia saa nzima. Alikuwa anachonga jani, mguu wa kushoto umeikanyaga mbao isiteleze, patasi kwenye vidole vitatu, na kila alipogonga alipuliza, akagonga, akapuliza. Niliposogea alisema bila kuinua kichwa, "Ngoja nimalize jani hili."

Kungoja huko ndiko kulikonipa picha. Kwa kupiga kazi ya mkono, punguza kasi ya shata hadi 1/30, shika pumzi, egemea ukuta: mbao na patasi zitatulia na kipande cha kugongea kitaacha ukungu wa mwendo. Piga mikono kwanza, kisha zana, kisha karakana nzima, na uso uwe wa mwisho. Kufikia hapo yeye mwenyewe amesahau kukaza taya. Kijijini Matondoni, wanakounda majahazi, utaratibu ni uleule, ila jua ni kali zaidi na utahitaji kofia.

Hatua ya 6: Pasipopigwa, na sheria inasemaje

Usipige kituo cha polisi, askari wa doria, wala vyombo vya jeshi, hata vikiwa nyuma ya punda mzuri. Msikitini omba kwa wasimamizi, na wakati wa swala usipige kabisa. Maulidi ya mfungo sita huwa na zefe na halaiki za watu njiani, na wengi hupiga. Hata hivyo, ukimwona mtu anafunika uso, teremsha kamera.

Droni inahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Uwanja wa ndege uko Manda, mbele ya mji tu, na nimekwisha kusema habari za mapaa.

Katiba ya 2010, Ibara ya 31, inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake. Kujifurahisha na picha kwako ni jambo moja, kuitumia kwa tangazo la hoteli au la biashara yako ni jambo jingine. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za watoto bila idhini ya wazazi, na kilabu kimoja cha starehe shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja. Kama picha itauzwa, andika karatasi fupi ya Kiswahili, aisome au asomewe, atie sahihi, naye abaki na nakala.

Hatua ya 7: Kusafisha na kurudisha

Usiku huohuo hamisha picha sehemu mbili. Andika mtaa, tarehe na jina kama alivyolitaja mwenyewe. Katika kurekebisha, nyoosha mistari ya kuta kwanza, halafu rangi. Programu nyingi zinapenda kuifanya chokaa iwe ya machungwa kama machweo ya kadi za posta. Irudishe kwenye weupe wake wa uzee, wenye kijivu na madoa ya mvua. Madoa yasifutwe, wala mikunjo ya wazee.

Kisha safisha nakala za karatasi, sentimita 10 kwa 15 zinatosha, na uzipeleke kwa mkono wako. Kuna nahodha niliyemwahidi picha nikamaliza mwaka sijampelekea. Nilipokwenda kumwomba nyingine, alivuta kofia ikafika puani, akalala. Siku hizi sipigi picha mpya kwenye baraza ambayo bado inanidai ya zamani. Picha za wanaume zinaweza kuzungushwa pale pale zichekwe na watu wote. Ya mwanamke itie kwenye bahasha, uigundishe, juu uandike jina lake, umkabidhi yeye au yule aliyemtaja. Ukimkosa, rudi nayo kesho.